Suruali Tano za Likizo

Likizo ya kiangazi Doha si likizo ya kutoka nje. Kuanzia Juni mpaka shule zifunguliwe Septemba, jua linakaa juu ya paa kama limetumwa. Wenye nafasi hurudi makwao. Mwaka ule sisi hatukurudi. Binti yangu ni nesi, hospitali haikumpa ruhusa, na mjukuu wangu alikuwa anajiandaa kuingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Tulibaki wanawake watatu katika vyumba viwili huko Abu Hamour, kipande cha vila kubwa ambayo mwenye nyumba aliigawa kwa mbao, familia sita, kila moja na mlango wake.

Mimi nililetwa kumwangalia mtoto mama yake akiwa zamu. Mtoto akakua, hakuna tena wa kuangaliwa, nami nikabaki. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu. Kazi yangu Nakuru ilikuwa cherehani. Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka macho yakaanza kugoma.

Siku ya kufunga shule mjukuu alikuja na karatasi kutoka kwa mwalimu. Alinieleza kwamba vyuo vikuu siku hizi haviangalii alama peke yake. Vinauliza likizo uliitumiaje. Jambo hilo halikuwa la mchezo kwetu. Asipopata chuo chenye ufadhili, angerudi Nakuru kwa mjomba wake akae angoje, na binamu yake pale alikuwa ana mwaka wa tatu wa kungoja. Hatukuwa tunalisema, lakini kila mtu nyumbani alikuwa analijua.

"Shosho, lazima nionyeshe nimefanya kitu," akaniambia.

"Fanya basi."

"Kitu kikubwa. Uongozi. Kusaidia jamii."

"Jamii gani?"

Akaangalia simu yake kana kwamba jamii imo humo ndani.

Mama yake alimwandikisha kozi ya uongozi kule Al Sadd, ghorofani, juu ya duka la simu. Alikwenda siku tatu. Alirudi na kofia, mfuko wa kitambaa na cheti. Cheti walipewa siku ya kwanza, kabla hawajafundishwa lolote. Nikamuuliza, "Sasa unaongoza nani?" Akacheka, lakini cheti akakitia kabatini chini ya shuka, na kozi hakurudi.

Ndipo akaanza kuangalia kazi yangu.

Huku kanisa ni Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Vijana wetu walinzi huletwa na basi kutoka Industrial Area, yaliko mabweni yao, na baada ya ibada baadhi yao walikuwa wanapita kwangu na suruali kwenye mfuko wa nailoni. Kampuni yao inaagiza suruali za kumtosha mtu mrefu kuliko wote, na wafupi watajijua. Ukisimama lango la hoteli unaburura suruali, supavaiza anakuandika. Basi wananiletea niwapindie. Wanachukua Ijumaa inayofuata. Uzi wanaleta wenyewe, na mimi silipishi kitu. Kukaa bure kunaniumiza mgongo kuliko kushona.

Mjukuu akasema atanisaidia. Nikamwekea kiti. Nikamwonyesha: unageuza, unapima kwa kidole, unapinda mara mbili, unabana kwa pini, unashona kwa mkono ili uzi usionekane nje. Na hukati. Hilo nilimwambia siku ile ya kwanza, "Hapa hatukati." Mkasi wenyewe huwa naukalia, nauweka chini ya paja nikiwa kazini, tabia niliyoitoa kwa fundi aliyenifunza. Anayetaka kukata uzi ananiomba.

Lakini sikumwambia kwa nini hatukati. Mimi nilifundishwa kwa amri. Ukiuliza kwa nini, ulipigwa na futi ya mbao. Nilidhani kuambiwa kunatosha.

Suruali zile si za mlinzi. Ni za kampuni. Siku anayomaliza mkataba anazirudisha stoo pamoja na viatu na mkanda, zinakaguliwa, ndipo karatasi yake ya kuondoka inapigwa muhuri. Halafu anapewa mwingine anayekuja, na huenda huyo akawa mrefu. Kwa hiyo unapinda, anayefuata anafumua. Walinzi wote wanajua. Mimi najua. Mjukuu wangu, aliyezaliwa Nakuru na kulelewa Doha katika darasa lenye kiyoyozi, hakujua.

Jumatano moja binti yangu alinipeleka kliniki ya macho. Tulitoka asubuhi. Mkasi niliuacha juu ya cherehani.

Tuliporudi alasiri nilikuta suruali tano za buluu zimetandazwa kwenye kochi, zimepigwa pasi, mapindo yamenyooka kama yametoka kiwandani. Mimi si mtu wa kusifu. Siku hiyo nilisema, "Umeshona vizuri." Mtoto aling'aa uso. Akaniambia amegundua njia ya haraka, na kwamba akiendelea hivyo atafikisha watu thelathini kabla ya shule, maana karatasi ya mwalimu inauliza umesaidia wangapi.

Nikashika suruali moja. Macho yangu yalikuwa bado na dawa ya kliniki, hayaoni vizuri, lakini vidole vinaona. Pindo lilikuwa jepesi.

"Kitambaa kilichobaki kiko wapi?"

"Nimekata, Shosho. Kilikuwa kinene, kinavunja sindano."

"Nauliza kiko wapi."

"Nimetupa."

Tulitoka na jua lile mpaka kwenye pipa la taka la mtaa. Lori lilikuwa limeshapita. Pipa tupu, na paka mmoja.

Nikamweleza pale pale tumesimama, stoo, muhuri, anayefuata. Mmoja wa wale watano, mfupi kuliko wote, alikuwa anamaliza mkataba mwezi huo wa nane. Mjukuu wangu alianza kulia. Nikamwambia alie akitembea, tunaungua.

Mama yake alitaka kulimaliza kimya. "Mama, tuwape tu. Zinaonekana sawa. Watu wa stoo hawatapima."

"Na wakipima?"

"Basi twende tuongee na supavaiza."

"Aliyekata ana mdomo," nikasema. "Ataongea na wenye suruali."

Ijumaa walikuja. Nilimweka asimame sebuleni, awaambie mmoja mmoja kila anapoingia. Wa kwanza alikuwa yule mfupi. Yeye alisoma chuo kikuu nyumbani, amehitimu ualimu, na hapa alikuwa anafungua lango la maegesho. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaiinua suruali, akaipima mguuni.

"Yaani mimi nilikuwa mfupi kwa kuzaliwa," akasema, "sasa umenifanya mfupi rasmi."

Wenzake waliokuwa nyuma yake mlangoni wakacheka. Mtoto hakucheka.

"Pole, anko. Nitazirefusha."

"Utanirefusha mimi ama suruali?"

"Suruali."

"Sawa, daktari. Naripoti stoo Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nisipopigwa muhuri, hiyo Jumamosi ndege inaniacha. Mtoto wangu ameshaanza kutembea na hajaniona."

Alilisema kwa upole, na nadhani ndiyo maana liliingia. Tangu siku ile mjukuu hakusema tena habari za watu thelathini.

Dawa ya suruali iliyokatwa ni kuiongezea kipande kwa ndani, kitambaa kile kile, rangi ile ile, kishonwe pale pale pindo linapokunjwa ili mshono ujifiche. Nilichopoa kipande kidogo ndani ya mfuko wa suruali kiwe sampuli. Nikampa. "Tafuta." Mimi sikwenda naye.

Alitafuta siku nne. Alianza soko la vitambaa, akaenda Al Sadd, kwa mafundi wenye vibanda vya mlango mmoja, Wahindi, Wabangladeshi. Miaka ile walikuwa wanachimba njia ya treni chini ya mji, barabara zimefungwa huku na huku, basi linakushusha mbali unamalizia kwa miguu. Jioni alikuwa anarudi macho mekundu, mdomo umekauka, na buluu isiyo yenyewe. Moja ilikuwa inang'aa. Moja ilikuwa na zambarau ndani yake. Nilikuwa naiweka karibu na suruali dirishani, natikisa kichwa, yeye anakunywa maji, anakwenda kulala. Siku ya tatu mama yake alinung'unika kwamba mtoto ataugua na insha ya chuo hajaanza kuiandika. Moyoni nami nilikuwa namwogopea vile vile.

Siku ya nne fundi mmoja mzee alimuuliza kwa nini anahangaika na kipande cha mfuko. Akamweleza. Mzee akaingia nyuma ya pazia, akatoka na salio la robota la kitambaa ambalo wao walishonea walinzi wa kampuni nyingine. Niliiweka dirishani. Ilikuwa yenyewe.

Tulikaa naye siku nyingi juu ya suruali zile. Ya kwanza alishona, nikafumua. Akashona tena, nikafumua. Mara ya tatu nilinyamaza, na alijua maana yake. Katika kukaa huko ndiko nilikomweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu, kwa nini pini inalazwa, kwa nini pasi kabla ya mkono, kwa nini mimi naukalia mkasi. Akaniambia, "Ungesema mapema, Shosho." Nikamwambia ni kweli.

Wiki ya mwisho ya Agosti alinijia na fomu. Kulikuwa na nafasi ya mtu aliyesimamia kazi ya likizo, aandike alichokiona.

"Mama, tumwombe mchungaji," akasema binti yangu. "Ana muhuri."

"Mchungaji hakuwepo."

"Basi andika wewe, lakini andika vizuri. Sema ni kiongozi. Sema ana maono."

"Sikumwona akiongoza mtu. Nilimwona akishona."

Niliandika kwa Kiswahili, kwa kalamu, herufi zangu kubwa za darasa la tatu. Nilichukua asubuhi nzima. Niliandika hivi:

"Mimi ni nyanya yake na ni fundi wa nguo. Nimekaa naye likizo yote. Anachelewa kuamka. Anajibu kabla ya kusikiliza. Alikata suruali tano za watu nikiwa sipo, kwa sababu alitaka kazi ionekane nyingi. Mimi nilimkataza lakini sikumweleza sababu, hilo ni kosa langu. Aliwaambia wenyewe kwa mdomo wake. Alitafuta kitambaa siku nne juani. Alizirefusha zote. Nilimfumulia mara mbili hakununa. Sasa anapinda bila kukata."

Binti yangu alisoma akashika kichwa. "Mama, unamfungia mlango mtoto wako mwenyewe."

Mjukuu aliichukua karatasi akaitafsiri kwa Kiingereza kwenye kompyuta, akaichapisha, akaniletea nitie sahihi. Na mimi Kiingereza sisomi. Pale ndipo nilipoona shida. Alikuwa na haja, alikuwa na mama wa kumsukuma, na alikuwa na nyanya asiyeweza kujua. Angeweza kuandika chochote juu ya jina langu. Sikutia sahihi. Nilisema naiweka kwanza.

Ijumaa akaja yule mlinzi mfupi kuniaga. Stoo walikuwa wamemkagua jana yake. Alisimulia kwamba mwenye stoo aliifumua suruali, akaugeuza mshono juu na chini, akauliza nani ameshona hivi, kisha akasema khalas, yaani basi imetosha, na kugonga muhuri. Safari ilikuwa kesho yake. Nikamwambia kabla hajanywa chai yangu anifanyie kazi moja ya ualimu. Nikampa ile karatasi ya Kiingereza. "Nisomee kwa Kiswahili. Kama ilivyo."

Mjukuu alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia.

Alisoma polepole, akitafuta maneno. Nyanya, fundi, likizo yote. Akacheka. "Shosho, hapa ameandika hata ya kuchelewa kuamka."

"Endelea."

"'Alikata suruali…'"

"Ngapi?"

"Tano. Ameandika tano." Akasoma mpaka chini, mpaka kosa langu, mpaka kufumua mara mbili. Halikupungua neno, na halikuongezwa neno. Akamgeukia mtoto. "Daktari, hii barua ni ya kuombea chuo ama ya kujishtaki?"

"Ni ya Shosho," akajibu, akaweka chai mezani.

Nikaomba kalamu, nikatia sahihi, herufi moja baada ya nyingine.

Mwaka uliofuata vyuo vitatu vilimkataa. Mama yake alinitazama kwa kila kimoja, na mimi niliona ni haki yake kunitazama. Chuo cha nne, hapa hapa Doha, kilimwita kwa mahojiano. Alirudi akasema walimuuliza mambo ya kawaida, halafu mama mmoja wa pale alitaka kujua tu kwa nini suruali haikatwi. Alimweleza stoo, muhuri, na yule anayefuata, ambaye huenda akawa mrefu.

Jibu lilikuja siku ya Ijumaa, wakati tumekaa na kazi. Aliisoma simu, akaisoma tena, akasema, "Wamenichukua, Shosho. Na ufadhili." Mama yake alipiga kelele huko jikoni mpaka jirani akagonga ukuta wa mbao.

Mimi nilikuwa nimemaliza pindo. Nikautoa mkasi chini ya paja, nikamkabidhi.

"Kata uzi," nikamwambia.