Unga Mweupe Kwenye Mguu wa Ndege

Baba yangu alikuwa na baiskeli, na pale Ngamiani hakuna aliyeitunza ya kwake kama yeye. Kila Alhamisi anaipaka mafuta ya nazi, ya Pangani, siyo mengine, ili Ijumaa ing'ae msikitini. Siku moja uma wa mbele ukakatika, baba na kanzu yake wakalala barabarani. Chini ya mng'ao ule chuma kilikuwa kimeshaliwa na chumvi ya bahari zamani. Watu walicheka. Mimi pia, Mungu anisamehe.

Akili ningeipata hapo. Sikuipata. Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ndogo ya ndege hapa Tanga, darasa la nne sijamaliza, nilipewa tambara nisafishe miguu ya ndege, yaani nguzo zinazoshika magurudumu. Kwa kutaka sifa nikaja na kichupa changu cha mafuta ya nazi. Nikaipaka ikameremeta. Mkaguzi Mkuu, Mdigo mmoja mrefu, akainama akanusa.

"We Mbondei, hii tunairusha au tunaikaanga?"

"Shikamoo, bwana. Nimeikinga na kutu."

"Marahaba. Umeifunika. Mafuta yanashika mchanga na chumvi, na mimi yananiziba macho. Osha kwa maji matamu, yasiyo na chumvi."

Huyo ndiye aliyenisomesha. Kutu ya chuma ni nyekundu, kila mtu anaijua. Ya alumini ni unga mweupe, hujificha chini ya rangi mpaka rangi itutumke kama lengelenge. Ukiliona, usilipake, lifungue. Vifaa ni tochi, kioo chenye mpini cha kuchungulia nyuma, na ukucha wa kupapasia mashimo. Miaka ikapita, ikawa mhandisi mwenye vyeti vyake hatii saini mpaka aione alama yangu daftarini. Nasema bila haya: ukucha wangu ulijulikana mpaka Pemba.

Asubuhi moja, mvi zimeshanijaa, meneja mpya akanikuta nimechuchumaa chini ya mguu wa kushoto. Abiria wameshakaa ndani, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga. Mimi nimeona lengelenge, dogo kama punje ya mtama.

"Mzee, weka alama yako. Rangi tutapaka jioni."

"Mwanangu, hii si rangi."

"Jana imeruka, ikatua vizuri."

"Ndiyo. Jana."

Nikalifungua kwa kijiti. Unga ukamwagika kiganjani, chini yake shimo, ukucha ukazama. Sikubishana. Nikamwita rubani, kijana wa Kiarabu wa hapa hapa mjini, nikamwambia atie ukucha wake. Akautia. Akavua kofia, akapanda kuwashusha abiria.

Meneja alingoja yule mama apite na mwanawe. "Umeniaibisha mbele ya watu. Kuanzia leo, ukiona kitu unaniletea mimi kwanza. Nikisema ndege nzima, ni nzima."

Mguu ule ulipofumuliwa ulikutwa na ufa ndani, unaingia senti ya shaba. Hilo nilihadithiwa na wenzangu, mimi sikuwepo. Mnaoniuliza nilistaafu vipi, ni hivi: niliandika daftarini HAIRUKI, kwa herufi kubwa maana ndogo zinanisumbua, nikanawa mikono, nikamkabidhi meneja tochi na kioo. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi ile ile. Nikatoka getini kwa miguu, nikashika njia ya mjini. Sijarudi tena.