Sanduku la Babu Kachingwe

Kwa miaka kumi na mmoja MaMguni alipiga hodi kwenye mageti ya Bulawayo kila Desemba, na kila Desemba watu walimpa takataka. Mimi nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe, kwa ustaarabu wake, hakuwahi kusema. Walimpa viatu vya visigino virefu avipeleke kwa bibi wa miaka themanini. Walimpa manukato yaliyokwisha muda wake, na mwaka mmoja mwanasheria wa Hillside alimpa baiskeli ya mazoezi isiyo na kiti. MaMguni alivipokea vyote kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru. Siku za kuomba alivaa sare ya akina mama wa kanisa, blauzi nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe, maana alijua hakuna mtu mjini mwenye uso mkavu wa kuifungulia mbwa sare ile.

Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Watoto wake watatu walikuwa Johannesburg, wakimkumbuka kwa madumu ya mafuta na katoni za sabuni zilizoletwa na magari ya mizigo. Nadhani ndiyo maana aliwapenda wazee wa Thembeni, makazi ya wazee wasio na ndugu. Wengi wao hawakuwa wenyeji. Walikuja wakiwa vijana kutoka Malawi, Zambia na Msumbiji kufanya kazi migodini na mashambani, wakazeekea huko, kazi zikaisha, na hakuna aliyekuja kuwachukua.

Kila Novemba alipita kitanda kwa kitanda na daftari, akimuuliza kila mzee angependa zawadi gani kwenye sherehe ya Krismasi. Kisha alileta soksi. Aliyeomba redio alipata soksi, aliyeomba miwani naye alipata soksi, kwa sababu soksi ndizo zilizopatikana. Mwaka uliopita Babu Fanizo Kachingwe alizitazama zake, akamrudishia.

"Mpe mwenye baridi ya miguu," alisema. "Mimi mwaka wa nne huu naomba kitu kimoja tu."

Aliomba sanduku la nguo, lile la kufungwa kwa ufunguo.

"La nini, babu?"

"Mtu akifa hapa, vitu vyake vinatiwa kwenye mfuko mweusi wa taka. Banda, tuliyekuja naye kwenye treni moja, niliuona mwisho wake. Shati lake la Jumapili, barua za mama yake, vyote humo, vikatupwa stoo. Mimi sitaki mfuko, MaMguni."

Yalimchoma yale maneno. Akajiapiza kwamba mwaka huu, liwe liwalo, sanduku litapatikana.

Kumbe kwa watu wa Bulawayo ni rahisi kuomba figo kuliko kuomba sanduku. Kila nyumba ina mtu anayejiandaa kuondoka kwenda Johannesburg. "Sanduku?" walimshangaa. "Na huyu mwanangu ataondoka na nini, mfuko wa rambo?" Mmoja alimpa soksi. Wiki tatu zilipita, miguu ikamvimba, na sherehe ikabaki na siku tatu.

Jumatano hiyo alifika mtaa wa Nkulumane kwa MaSiziba, mama mmoja wa kanisani kwao. MaSiziba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia chumbani, akarudi akiburuta sanduku la buluu, zuri, lenye magurudumu na ufunguo uliofungwa kwa uzi kwenye mpini.

"La Mthunzi hili," alisema. Mthunzi alikuwa mwanawe wa pekee. "Walirudi pamoja kutoka Johannesburg. Yeye kwenye jeneza, hili juu ya gari. Nguo tulishazigawa. Hili kila mtu aliogopa kulichukua."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nataka kujua linakwenda kwa nani. Maana kama ni la kukaa chini ya kitanda, hata hapa lina kitanda. Mwanangu hakuimaliza nalo safari yake. Nitampa mtu anayesafiri."

MaMguni alilitazama lile sanduku. Akawaza miguu yake, akawaza mfuko mweusi. Uongo ukamtoka mwepesi kabisa.

"Anasafiri," alisema. "Anarudi kwao Malawi. Gari linamchukua siku ya sherehe."

MaSiziba alilia, lakini alilia akitabasamu, akalifuta sanduku kwa kanga yake. MaMguni aliondoka nalo mbio mbio, akijiambia kwamba uongo wa namna ile Mungu hauandiki.

Alisahau kitu kimoja. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya akina mama. Yeye hakwenda, alikuwa anafunga zawadi. MaSiziba alikwenda, akasimama mbele ya wote akatoa ushuhuda wa namna sanduku la mwanawe linavyompeleka mzee wa watu nyumbani. Na kwenye benchi la tatu alikaa mpishi wa Thembeni.

Jumamosi saa nne asubuhi MaMguni alifika na pikapu ya kanisa. Alitarajia kuwakuta ukumbini, mbele ya wali na kuku. Aliwakuta getini. Walikuwa wamepanga mstari, wazee thelathini na wanane, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake, wengine ndoo, wengine mablanketi yaliyofungwa kwa kamba, wengine mifuko ya nailoni ya mirabamiraba. Mzee mmoja alivaa makoti mawili katika joto lile. Wa kwanza kabisa alikuwa Babu Kachingwe, amenyoa ndevu, amefunga tai.

Msimamizi wa makazi, Sista Lubimbi, alimvuta pembeni kabla hajashuka vizuri.

"Umewaambia nini wazee wangu? Tangu juzi hawalali. Wanasema kuna gari linapeleka watu makwao. Nimesema hakuna, wananiita mwongo. Kuku anapoa ndani, hakuna aliyegusa."

"Sista, mimi sikuwaambia wao."

"Basi uliyemwambia ndiye aliyewaambia. Kachingwe amegawa kila kitu. Blanketi kampa mtu, kikombe kampa mtu, kitanda chake cha dirishani kampa yule Mateu aliyepooza. Nenda ukawaeleze. Mimi sina mdomo huo."

MaMguni aliliteremsha sanduku. Babu Kachingwe akalipokea, akalizungusha, akajaribu ufunguo mara mbili. Uso wake uling'aa kiasi kwamba MaMguni alitamani ardhi ipasuke. Akajikaza kisabuni, akainama sikioni kwake.

"Babu, nisamehe. Hakuna gari. Nilidanganya ili nipewe hili sanduku."

Babu aliendelea kuushika ufunguo.

"Pikapu hii?"

"Ni ya kanisa, babu. Imeleta zawadi tu."

"Mimi safari nilishaisahau," alisema hatimaye, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Miaka ishirini sijaiota. Mimi niliomba kitu cha kufa nacho, MaMguni. Nyie ndio mlionikumbusha. Juzi nimeota mto wa kwetu."

"Nisamehe, babu."

"Hilo baadaye." Aligeuka akautazama mstari nyuma yake. "Hawa usiwaambie hakuna gari. Watakufa na njaa wamesimama hapa. Waambie mimi ndiye nimeghairi. Sema Kachingwe ameona kwao ni mbali, anataka kubaki ale kuku. Wakiona mimi nimekaa, nao watakaa."

Alilalaza sanduku chini, akalikalia, akaweka mikono magotini.

MaMguni alisogea mbele ya mstari. Hakuwa amewahi kusema uongo mara mbili katika wiki moja, tena mbele ya watu wazima.

"Wazee wangu," alisema, "Babu Kachingwe ameghairi. Ameona kwao ni mbali. Atabaki hapa, tule naye Krismasi. Kwa hiyo leo gari haliendi."

Babu Kachingwe alitikisa kichwa kukubali. Mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyesogea kuelekea ukumbini.

Bibi Nalishebo, wa pili katika mstari, aliyeletwa Rhodesia, kama nchi ilivyoitwa enzi hizo, akiwa mke wa mchimba madini, alimzunguka Kachingwe taratibu na fimbo yake hadi kwenye mlango wa pikapu. Akaweka furushi lake juu ya kiti.

"Sasa nafasi yake imebaki wazi," alisema.

"Bibi, tafadhali..."

"Yeye hataki, mimi nataka. Tena kwetu Mongu, Zambia, ni karibu kuliko Malawi, hata mafuta mtaokoa."

Nyuma yake wote waliinua mizigo yao, wakasogea mbele hatua moja.