Bastola Aliyoipokea kwa Mikono Miwili

Msomaji, mtu mzima akikukabidhi kitu, unakipokea kwa mkono mmoja au miwili?

Saa nne asubuhi, Pascasie Byamungu, mjane kutoka Kivu, anatandika kitanda katika hoteli moja ya Bloomington, Marekani, kazi inayompa dola kumi na moja kwa saa. Anavuta shuka mpaka mkunjo wa mwisho unyooke, anapigapiga mito, anachungulia uvunguni kama kuna soksi iliyosahaulika. Habari ya Jumamosi ile anaisimulia akiwa ameinama, hataki kutazamwa usoni.

"Niliaibika," anasema. "Mpaka leo naona aibu."

Machi hii ya 2016, akiwa kazini, wezi walivunja mlango wa nyumba anayopanga Inver Grove Heights. Walibeba televisheni na koti la baridi la bintiye, Shekinah. Tangu hapo mama na binti wanalala chumba kimoja, kabati limesukumwa mlangoni.

Thaddée, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mwenye nyumba ya nafasi kule Savage, ndiye aliyeamua. "Shemeji, hapa kila mtu ana bunduki. Twende tukachague."

Jumamosi, kwenye duka la bunduki, Thaddée alinyooshea kidole ile ndefu kuliko zote. Muuzaji, mzee wa ndevu nyeupe, akacheka. "Atakayelala nayo ni wewe au yeye?"

Akamuuliza Pascasie, Thaddée akitafsiri: Umewahi kupiga risasi? Una kisanduku cha kufuli? Nyumbani kuna mtoto? Mtoto yupo, mengine yote, hapana. Basi anayeanza, mzee akasema, asikimbilie kubwa. Achague inayomkaa mkononi, na ajifunze kwanza. Akafungua bastola ndogo, akamwonyesha kuwa ni tupu, akamkabidhi.

Pascasie akaipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama alivyolelewa. Halafu, kwa kuwa mkubwa ndiye huangalia kwanza, akageuka ampe shemeji yake. Mdomo wa bastola ukapita kifuani mwa mteja mmoja, ukapita kwenye kigari cha mtoto mchanga, ukatulia tumboni mwa Thaddée.

"Elekeza chini!" muuzaji akapiga kelele.

Mama wa mtoto akakivuta kigari mpaka ukutani. Thaddée, mikono juu: "Shemeji! Unanipeleka kwa mume wako?"

Mzee akapoa, akaeleza taratibu kwamba hata ikiwa tupu haielekezwi kwa mtu. Pascasie hakusikia. Alikuwa anatafuta pa kuuficha uso.

Garini, Thaddée alijaa mipango: darasa la wanaoanza, kisanduku, kufuli. "Ile ndogo inakufaa. Au uliitaka nyingine?"

Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya wezi. Lakini mjane ajiombee mwenyewe mahali pa kulala, watu wasiseme amekuja kula? Alikuwa amelimeza kila siku. Sasa, baada ya macho yale yote ya dukani, hakuona tena aibu gani ingemzidi.

"Sikuitaka yoyote," akasema. "Nilitaka uniambie tuhamie kwenu."