Ufa Usipewe Jiwe

Siku moja huwa naikumbuka kila mvua inapogonga bati, mwanangu. Ni siku baba yangu alipotumbukiza kidole kwenye ufa, akakataa kuendelea na safari.

Baba alifanya kazi kwenye reli ya Pakwach tangu ujana wake. Alipostaafu akarudi kwetu hapa Arua, akaanza kuchonga treni ndogo ya mbao na reli yake juu ya meza, mimi binti yake nikimshikia gundi. Kabla hatujamaliza, macho yake yakazima. Akaacha kuchonga, kisha akaacha hata kuzungumza. Nikasema nitaimaliza mwenyewe, asafiri kwa vidole, labda atarudi kwetu.

Meza ilikuwa mbao mbili zilizounganishwa, na katikati palibaki ufa, kabla tu ya daraja la mto Nile, lile la Pakwach. Methali niliijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nikauziba kwa simenti! Mvua zilipoanza mbao zikavimba, simenti ikapasuka, ikainua reli. Kidole cha baba kikafika pale, kikakwama, kikatumbukia. Akakitoa polepole.

"Reli imekufa," akasema, akageukia ukutani. Nililia, sikufichi.

Shangazi Hawa, dada yake, alikuwa mshona magodoro Koboko. Alikuja kututembelea na mto mpya wa kulalia wa baba kwapani. Alipoiona meza alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe mutoto, hii ufa iko na njaa, lakini nani anapa njaa mawe? Mbao inakunywa mvua, inanenepa. Simenti haijui kusogea."

Akaufumua ule mto. Ndani mlikuwa na mabaki ya sponji ya magodoro, maana shangazi hakutupa hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Nikachukua kisu nikate, akanipiga kofi mkononi.

"Hapana kata. Rarua."

Kisu huacha ukingo, na kidole cha kipofu huutambua mara moja. Kilichoraruliwa hushikana na mwenzake. Tukang'oa simenti, tukajaza sponji ufani, kila kipande tukakibandika kwenye ubao mmoja tu, mbao zipate kusogea, tukapaka rangi ya kijani, tukanyunyiza majani ya chai yaliyokaushwa yawe udongo.

Jioni baba akakubali kujaribu tena, kwa kumstahi dada yake. Kidole kikapita vilima, kikafika pale, kikasimama.

"Hii ni nyasi," akasema. "Mvua imenyesha Pakwach. Daraja iko mbele."

Kisha akapiga honi ya treni kwa mdomo, mzee mzima, na shangazi akaitikia kutoka jikoni. Baba alizungumza mpaka chai ikapoa. Akalalia mto uliopungua, wala hakulalamika.

Shangazi amekwenda, na baba pia, lakini meza hii ipo, na shukrani yangu haijapungua. Mwanangu, kati ya watu wanaopendana ufa hautakosekana. Usiuzibe kwa neno gumu, hata kama ni la haki. Uzibe kwa kilicho laini, kinachomwachia mwenzako nafasi ya kuvimba na kunywea. Wala usidharau mabaki: chai ya mwisho kwenye birika, saa moja uliyobakiza baada ya kazi, vinatosha kumrudisha mtu.

Mungu akupe mkono mwepesi. Na siku macho yako yatakapochoka, akupe mtu wa kukutandikia nyasi kabla ya daraja.