Upepo Uliogoma Kutoka Kwenye Breki

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya majaribio kwenye gereji moja ya Mikocheni. Fundi Salehe, mwenye gereji, alinipa kazi ya kuamua kama nitabaki: kufunga breki za diski kwenye gari la porini, lile lenye giaboksi ndogo kila gurudumu ili ekseli ipite juu ya mawe.

Nilifunga, nikaanza kutoa upepo kwenye breki. Saa tatu nzima pedeli ilizama kama godoro. Mtu mwingine angechungulia gurudumu. Mie, msomi, nilichukua daftari nikakokotoa, nikahitimisha kwamba ekseli ikiwa juu na gurudumu chini, oili ya breki inashindwa kusukuma. Nilijaza kurasa nne.

"Fundi, kosa ni la waliounda gari," nikamsomea mbele ya mafundi wote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachuchumaa kwenye gurudumu.

"Mwanangu, skrubu ya kutolea upepo umeielekeza chini. Kwani upepo ndani ya oili unapanda au unashuka?"

Nilikuwa nimefunga breki za kulia kushoto, na za kushoto kulia, ndiyo maana skrubu zilitazama chini na upepo ukanasa juu.

"Unapanda. Shikamoo," nikajibu kwa woga, ilhali asubuhi nilishamwamkia.

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Marahaba, injinia," akasema huku akijifuta machozi. "Jumatatu wahi, uzibadilishe mwenyewe."

Nikacheka na mie, maana alisema Jumatatu.