Noti za Mahari ya Dada

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Zaire, nilikuwa nabadilisha fedha mwaloni Kibirizi, pale maboti yanapofikia. Meza yangu ilikuwa ubao uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, na mawe ya kuzuia noti zisipeperuke. Asubuhi moja alinijia mama mmoja mkimbizi, jirani yangu pale Buzebazeba, akiwa na mwanawe, kijana aliyekuwa akipakua dagaa kwenye maboti. Mama alishika kifurushi kilichoshonewa ndani ya kipande cha kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wangu. Nibadilishie hii yote. Leo tunapeleka mahari."

Nilijua habari ile. Kijana alikuwa amechumbia binti wa mtaa wa Rusimbi, na baba wa binti alikuwa amewapa mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye shamba la kahawa kule Kalinzi naye alikuwa ameleta posa.

Nikafumua uzi. Noti zilikuwa mpya, hazijakunjwa, bado zinanukia wino. Nikamwambia hazibadilishiki tena. Zilikuwa zile ambazo nchi yao ilizifuta miaka kadhaa kabla ya vita.

Mwenzangu wa meza ya pili akachungulia. "Mama, hizo mpelekee muuza karanga, afungie karanga zake!"

"Nyamaza wewe," kijana akamwambia. Yule akacheka, akarudi kwa wateja wake.

Nikampisha mama kwenye kigoda changu. Akaushika mkono wangu. "Karatasi ni ileile. Sura ileile. Imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, mama. Ni hivi. Mwenye duka akijua mwizi amechonga ufunguo, anabadilisha kufuli. Nchi nayo, watu wakijifunza kuiga noti zake, inachora nyingine. Wakati mwingine ni uchakavu tu, zimepita mikono mingi. Au serikali imechapa nyingi mno, mpaka mtu anaenda kununua mkate na mfuko wa noti. Hapo wanakata sifuri, wanaanza upya. Na akija mkubwa mpya hapendi watu wanunue chumvi kwa sura ya yule aliyemfukuza. Wanatangaza siku ya mwisho ya kuzipeleka benki. Siku ikipita, basi. Hata sisi huku tumeshabadilishiwa."

Alinisikiliza vizuri sana. Nikamuuliza, "Walipotangaza, hamkusikia?"

"Tulisikia." Akatazama ziwa. "Hii ni feza ya binti yangu, siku alipoolewa. Kwetu wavuvi hatuna ng'ombe. Mahari ya dada inafungwa, inamngoja kaka yake, naye anaoa kwa hiyohiyo. Ikinunua hata chumvi, ndoa ya kaka haisimami. Benki ikatuita. Bwana yangu akakataa. Akasema, zitabadilishwa siku ya kaka kuoa tu; tukizipeleka kabla, watatupa nyingine, zilizotoka kwa watu tusiowajua. Hiyo itakuwa mahari ya nani?"

Mumewe alifia njiani wakati wa kukimbia. Binti yao alibaki ng'ambo, na tangu vita vianze hakuna boti lililoleta habari zake.

"Basi nilimuoza bure," mama akasema.

Kijana alizikusanya noti moja moja, akizipanga sura zote zitazame upande mmoja, kama alivyozikuta.

Sikutaka waende peke yao. Jioni niliongozana nao Rusimbi, nikamweleza baba wa binti yote niliyoeleza mwaloni: kufuli, sifuri, mkubwa mpya, na mila ya wale wavuvi. Niliamini kwamba mtu akielewa, moyo wake utalegea. Niliomba awape muda mpaka kijana adundulize. Mzee alikuwa muungwana. Alitukaribisha uji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Umeeleza vizuri kuliko redio. Sasa binti yangu nimuozeshe kwa maelezo?"

Mama akaomba ruhusa ya kuondoka, akashukuru kwa uji.

Binti wa Rusimbi aliozwa Kalinzi, kwa yule mwenye shamba, msimu wa kahawa ulipoisha. Kijana akasema anakwenda kumtafuta dada yake, akapanda boti lililokuwa likirudi ng'ambo. Nilimwambia asubiri kidogo, nikamweleza hatari za njia. Alinishukuru kwa adabu, akaenda. Hakurudi.

Mama alikifunga tena kifurushi, kwa kitenge kilekile. Kila boti la ng'ambo lilipofika alishuka mwaloni, akauliza abiria habari za watoto wake, halafu akaja mezani kwangu. Nchi yao ilikuwa imeshabadilisha jina na fedha pia. Alikuwa akichukua noti mpya, anaigeuza huku na huku, anaitafuta ile sura.

"Hawajairudisha ile ya zamani?"

"Bado, mama."

"Lakini wanaweza kuirudisha?"

Nikampisha kwenye kigoda, nikaanza kumweleza tena, tangu kwenye kufuli.