Darubini Haina Muhuri

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi fulani hapo town, na-tarmac kutafuta kazi kama kawaida, na digrii yangu kwa bahasha. Mbele yangu alikuwa dada mmoja aliyesomea fizikia, anatafuta kazi ya kuchambua data. Mama wa kaunta aliishika CV yake kwa vidole viwili, kama soksi iliyoloa.

"Experience umetoa wapi?"

"Nimechambua milipuko ya jua, madam. Eksirei zake hupimwa na darubini iliyo angani, kwa sababu hewa yetu huzizuia zisifike huku chini."

"Kwani ulienda huko juu?"

"Hapana, nilikuwa nyumbani Kabiria. Data inatumwa duniani, na mtu yeyote anai-download bure."

"Basi leta barua yenye muhuri kutoka kwa supervisor wa hiyo darubini."

Nyuma yetu watu walicheka. Dada hakucheka. Alifungua laptop juu ya kaunta, akaigeuza upande wa mama. "Darubini haina muhuri, madam. Chagua mlipuko wowote, nikuchoree grafu yake hapa hapa uone kazi."

Mama alitazama juu ya kichwa cha dada. "Next."

Hii Kenya unaweza kulisoma jua ukiwa Kabiria, lakini bila wino wa zambarau wa muhuri hujui kitu.

Next nilikuwa mimi. Dada hakusonga, nami nikakunja mikono. "Madam, angalia grafu kwanza. Mimi sina haraka. Hata kazi sina."